Kitambulisho Kinavuka Malaba, Bando Haivuki. Hii Jumuiya ni ya Nani?

Wasee wa Kitale na Bungoma, leo sina video. Leo naandika, na naandika nikiwa na hasira kidogo, kwa hivyo tafuta chai ukae.

Kuna kitu tumekizoea hadi tumeacha kukiona. Sai hivi, ukiamka Bungoma na kitambulisho chako mfukoni, unaweza kupanda matatu hadi Malaba, uvuke, na saa ya lunch uko Tororo. Tangu 2014, Kenya, Uganda na Rwanda zimekubaliana kitambulisho cha kitaifa kitoshe kusafiria. Mahindi yanavuka. Malori ya mafuta yanavuka, foleni yake tunaijua. Harusi zinavuka, matanga yanavuka. Lakini ile bando ya GB mbili uliyonunua asubuhi pale Kanduyi, ukifika ng'ambo imekufa. Iko kwa simu, unaiona, na haikusaidii chochote.

Nasema hivi: hiyo si sheria ya fizikia. Ni uamuzi wa watu, na watu wanaweza kuamua tofauti. Walishaamua tofauti kwa simu za kupiga. Data wakaiacha nyuma, na sisi ambao tunakula kwa laptopu ndio tunalipia.

Acha nikuambie yaliyonipata.

Agosti 2024. Mnajua mwaka unaogawanyika kwa mbili maana yake nini kwetu: tohara. Wabukusu upande huu, Bamasaba upande ule, mlima ni mmoja na desturi ni ndugu. Kule Mbale, Imbalu hufunguliwa uwanja wa Mutoto, na nilitaka kwenda kuishuti. Nilitoka Kitale na begi moja, kamera, laptopu na chaja. Nikalala kwa kukhu Bungoma. Asubuhi nikavuka Malaba, nikapanda teksi (huko matatu wanaiita teksi, usishtuke), Tororo, halafu Mbale kwa senge.

Sasa, kabla sijaondoka Kitale nilikuwa nimechukua kazi. Mteja wa Nairobi, video ya dakika nne, mwisho wa kutuma ni saa kumi na mbili jioni siku hiyo hiyo. Elfu nane. Kwa wengine hiyo ni pesa ya Ijumaa usiku, kwangu ilikuwa rent. Video nilikuwa nimeshaimaliza, ilibaki kuipakia tu. Nikajiambia, si ni Mbale? Mbale ni hapa tu. Nitafungua hotspoti kwa simu, laptopu inashika, natuma, naendelea na Imbalu.

Nikafika kwa senge saa nane. Nikawasha romingi. Nilikuwa na shilingi 500 za airtime kwa laini, nikaona hiyo inatosha kuanza. Nikafungua hotspoti, laptopu ikashika. Kabla hata sijafungua ukurasa wa kupakia, laptopu yangu, mjinga huyu, ikaona intaneti ikafurahi. Ikaanza kujifanyia apdeti. Picha zikaanza kujihifadhi mtandaoni. Programu tatu zikaamka kusalimia wenyewe huko ziliko. Mimi nimeshika kikombe cha chai, chai haijapoa, meseji ikaingia: salio lako limeisha.

Shilingi 500. Na video haijasogea hata asilimia moja.

Nikasema sawa, kosa ni langu, nitanunua laini ya hapa. Nikatembea hadi kwa kibanda cha wakala. Dada wa pale alikuwa mpole, tuliongea nusu Kiswahili nusu lugha zetu, maana Lubukusu na Lumasaba zinasikizana.

"Dada, naomba laini ya data."

"Leta pasipoti."

"Sina pasipoti, nina kitambulisho cha Kenya. Ndicho nimevuka nacho."

"Hicho mashine yangu haikitaki. Ungekuwa na pasipoti ningekusajili sasa hivi."

Simlaumu. Yeye anafuata mashine. Lakini jiulize na mimi: kitambulisho kimetosha kuniingiza nchini, kikashindwa kuninunulia laini. Mtu wa mpakani anasema karibu nyumbani, mashine ya laini inasema wewe ni mgeni.

Nikarudi kwa senge na aibu yangu. Nikamweleza. Akacheka, kisha akanipa laini yake ya pili, iliyosajiliwa kwa jina lake. Akanunua bando kwa pesa yake. "Chukua, mwanangu," akasema. "Lakini hebu niambie, nyinyi watoto mliosoma, hii Jumuiya mnayoisema kila siku kwa redio, iko wapi?" Sikuwa na jibu. Nilisema tu, "Asante, senge."

Laini ikashika. Nikawa na matumaini. Mteja alikuwa ameniambia nimpate kwa ukurasa wake wa Facebook, hapo ndipo maagizo yote ya mwisho yalikuwa. Nikaifungua. Ikakataa. Nikakumbuka: Uganda ilifunga Facebook Januari 2021, siku chache kabla ya uchaguzi, na nilipofika huko 2024 bado ilikuwa imefungwa. Watu wa pale wanatumia VPN, wameshazoea. Mimi kwa laptopu sikuwa nayo. Kuipakua ni data, na kuitumia inaongeza mzigo juu ya data. Mtandao jioni ukawa mzito, watu wote mjini wako kwa simu wanarusha Imbalu. Video ilifika asilimia 60 na kitu, ikakatika. Ikaanza upya. Saa kumi na mbili ikapita. Saa moja ikapita.

Kazi ilikwenda kwa mtu mwingine. Sikuwa na la kumwambia mteja. Ungesema nini? "Boss, nilikuwa safari ya ng'ambo"? Ng'ambo yenyewe ni mahali ambapo kukhu wangu alikuwa akienda sokoni na kurudi siku hiyo hiyo.

Sasa najua komenti zinazokuja. Nimeshazisikia zote, wacha tuzichukue moja moja.

Ya kwanza: "Si ungetumia waifai ya hoteli?" Wasee, mimi nililala kwa senge. Mtu wa hoteli yenye waifai nzuri huwa halii juu ya bei ya romingi. Analia mtu wa kulala kwa jamaa: mwanafunzi, mfanyabiashara wa nguo za mtumba, fundi, mimi na wewe. Kuna Wakenya wanasoma Mbale, pale Chuo Kikuu cha Kiislamu. Kuna watu wa Suam na Endebess wenye mashamba na jamaa pande zote mbili. Hao wote waishi kwa hoteli?

Ya pili: "Ungenunua laini ya huko kwa njia za panya." Ndiyo, najua inafanyika. Laini iliyosajiliwa kwa jina la mtu usiyemjua. Siku laini hiyo ikitumika kutapeli mtu, utamweleza nani? Tunafundishwa kila siku usajili wa laini ni usalama. Basi mfumo usiotaka kitambulisho changu halali unanisukuma kwa laini isiyo halali. Huo ni usalama wa aina gani?

Ya tatu, na hii ndiyo inajifanya ina akili: "Kampuni za simu lazima zilipwe, minara ni gharama, kuvuka nchi ni gharama."

Sawa, tuongee gharama basi.

Romingi inafanya kazi hivi. Ukiwa Mbale na laini ya Kenya, laini yako inaazima mnara wa kampuni ya Uganda. Mwenye mnara anaidai kampuni yako ya Kenya bei ya jumla. Kampuni yako inachukua hiyo bei, inaweka faida yake juu, halafu wewe unakatwa. Na kwa kawaida data yako ikiwa romingi inarudishwa kwanza nyumbani: picha unayoitazama Mbale inapita kwa mitambo ya kampuni yako Kenya kabla ya kukufikia. Sasa fikiria umbali. Hatuongei juu ya kwenda Japan na kurudi. Tunaongea juu ya Mbale na Nairobi.

Halafu kuna hili ambalo wengi hawalijui. Uganda haina bahari. Intaneti yake nyingi ya kutoka nje inafika pwani yetu kwanza, Mombasa, kwa mikongo ya chini ya bahari kama SEACOM na TEAMS iliyowashwa 2009, na EASSy iliyofuata 2010. Ikitoka hapo inasafiri kwa waya nchi kavu, inapanda hadi magharibi, inavuka Malaba na Busia. Yaani ile intaneti mtu wa Kampala anatumia, sehemu kubwa imepitia kwetu. Waya umevuka mpaka bila kuulizwa pasipoti. Data inavuka kila sekunde, usiku na mchana. Kinachosimamishwa mpakani ni bei yako tu.

Na hapa ndipo wanaponikasirisha zaidi, kwa sababu hii kitu ilishafanyika. Mnakumbuka Celtel? Kama hukumbuki, muulize mzazi wako. Mwaka 2006 Celtel iliunganisha Kenya, Uganda na Tanzania, ukavuka na laini yako ukapiga simu kama uko nyumbani. Hiyo ni miaka 20 hivi iliyopita, wakati simu nyingi hata kamera hazikuwa nazo. Halafu Oktoba 2014, serikali zenyewe zikaanzisha kile walichokiita Mtandao Mmoja: Kenya, Uganda, Rwanda. Bei ya kupiga simu kati ya hizi nchi ikawekewa dari ya senti 10 za Dola kwa dakika. Kupokea simu ukiwa ng'ambo kukawa bure. Serikali zikakubali hata kuondoa ule ushuru wa ziada uliokuwa kwa simu zinazoingia kutoka nchi jirani.

Nini kilitokea? Kampuni zilifilisika? Minara ilianguka? Watu walipiga simu zaidi, mara nyingi zaidi ya awali. Bei ikishuka, watu wanatumia. Mama mboga wa Chwele anajua hiyo hesabu, hahitaji mshauri wa kulipwa kwa dola.

Lakini mpango huo ulianza na sauti. Data ikaambiwa ngoja. Mwaka 2014 labda ningeelewa, wengi walikuwa wanapiga simu tu. Leo nani anapiga simu? Senge wangu mwenyewe, mtu wa makamo, anatuma meseji za sauti kwa WhatsApp. Masoko yako kwa data, masomo yako kwa data, kazi ziko kwa data. Kushusha bei ya sauti na kuacha data ni kama kunifungulia mlango wa nyumba ambayo kila mtu ameshahama.

Usiniambie pia kwamba haiwezekani kwa nchi nyingi. Umoja wa Ulaya uliondoa ada za romingi tarehe 15 Juni 2017. Nchi kibao, lugha kibao, kampuni kibao. Mtu anatoka Lisbon anaingia Warsaw, bando yake ya nyumbani inaendelea. Hata kabla ya hapo, kuanzia 2010, walikuwa na sheria kwamba data ya romingi ikifika euro 50 inakatwa, isipokuwa wewe mwenyewe useme endelea. Na usidhani kampuni za huko zina roho nzuri kuliko za kwetu. Uingereza ilipotoka kwa Umoja, sheria ikaacha kuzibana, na kampuni kadhaa za huko zikarudisha ada. Ni sheria inayofanya kazi hapo. Kampuni ni kampuni, kila mahali.

Sisi hapa tuna Itifaki ya Soko la Pamoja inayotumika tangu Julai 2010. Inasema watu, bidhaa, huduma na mitaji vitembee huru. Jumuiya sasa ina nchi nane, Kongo iliingia 2022, Somalia 2024. Kila mkutano tunaona picha za marais wameshikana mikono. Vizuri. Lakini huduma yangu mimi ni video, na video haitembei bila data. Huo uhuru wa huduma ulimaanisha huduma za nani? Za benki kubwa na za malori?

Na sitazungumzia kuzimwa kwa intaneti kwa urefu leo, lakini lazima niiguse. Uganda Januari 2021 walizima kabisa wakati wa uchaguzi. Wakati ule walikuwa pia na ile kodi ya kutumia mitandao ya kijamii, shilingi 200 za Uganda kwa siku, iliyoanza Julai 2018. Ilipoondolewa 2021, ikaja kodi ya asilimia 12 juu ya data yenyewe. Na sisi tusijione wasafi, tarehe 25 Juni 2024 tulikuwa barabarani na sote tuliona mtandao ulivyodorora. Kijana wa pande zote mbili za mlima ana shida moja: wakubwa wanaiona intaneti kama kitu cha kutoza au kufunga. Hawaioni kama barabara ya kwenda kazini.

Na kama unadhani hii ni shida ya wanaosafiri tu, nenda Lwakhakha. Kaa upande wa Kenya, ndani ya kaunti ya Bungoma kabisa, hujavuka chochote. Simu inashika mnara wa ng'ambo kwa sababu una nguvu zaidi, meseji inaingia: karibu Uganda. Kama romingi ya data iko wazi, umeanza kukatwa ukiwa umeketi kwenu. Watu wa mpakani wameshajifunza kuchagua mtandao kwa mkono na kuzima romingi kabla ya kulala. Mtu anafunga data kama anayefunga banda la kuku.

Kwa hivyo tunataka nini? Mimi nataka vitu vitatu, na si vikubwa.

Moja, data iwekewe dari kama sauti ilivyowekewa 2014. Bando niliyonunua Kitale ifanye kazi Mbale, Kigali na Arusha kwa bei ya nyumbani. Wakisema kuna watu watatumia vibaya, sawa, wekeni kipimo cha haki. Ulaya wanacho.

Mbili, kitambulisho kilichonivusha kinisajilie laini. Mashine zisomane. Kama mtu wa mpaka anaweza kukithibitisha, wakala pia apewe uwezo huo.

Tatu, kabla airtime yangu haijaliwa, niulizwe. Meseji moja: umeingia romingi, bei ni hii, unaendelea? Ndiyo au hapana. Nisijue bei kwa kuona salio limeisha.

Nani wa kuuliza? Tuna Mamlaka ya Mawasiliano hapa, Uganda wana Tume yao. Na kuna hili: kila nchi ina wabunge 9 wa kuchaguliwa kwa Bunge la Afrika Mashariki kule Arusha. Tisa ni wetu. Taja watatu bila kugoogle. Huwezi? Hata mimi sikuweza. Bunge letu la Nairobi linawachagua, sisi hatuwaoni, na kwa hivyo hawana wasiwasi na sisi. Hiyo ndiyo ninataka ibadilike. Mbunge wako wa eneo bunge ndiye aliyepiga kura kuwachagua. Siku akija kwa matanga kutoa mchango, mshike pembeni kwa heshima, muulize: mheshimiwa, wale tisa mliowatuma Arusha, data ya mpakani wamefikisha wapi? Muulize mbele ya watu. Rekodi jibu.

Wakati tunangoja, kwa sababu tutangoja, jisaidie hivi. Kabla hujavuka, pakia kazi yako yote ukiwa Bungoma au Kitale, usijiambie Mbale ni hapa tu. Kwa laptopu, ingia kwa mipangilio ya waifai, iambie hotspoti ya simu ni mtandao wa kupimiwa, ili apdeti zisianze. Zima kuhifadhi picha na faili mtandaoni. Weka VPN kabla ya safari. Zima romingi kwa simu hadi ujue bei. Na kama unaweza kumudu, tafuta pasipoti, ingawa najua pesa yake si ya kuokota.

Lakini usisahau kwamba hizo zote ni bendeji. Nilirudi Malaba kesho yake jioni. Nilipokanyaga upande wetu tu, simu ikatetemeka, meseji za siku mbili zikamiminika. Ya mteja ilikuwa hapo katikati, fupi: "Usijali, tumepata mtu mwingine." Bando yangu ya GB mbili ilikuwa hapo pia, nzima, haijaguswa, imebakisha saa tatu iishe muda.

Kama imewahi kukupata, iwe Suam, Lwakhakha, Malaba au Busia, andika hapo chini ilikuwa lini na ulikatwa ngapi. Usitaje namba yako ya simu. Nikipata mia moja nitaziprinti, nizipeleke mwenyewe kwa ofisi ya mbunge wangu hapa Kitale. Nitavaa shati safi.